Stendi Mbili Nyekundu

Asubuhi ya Jumamosi duka la spea lilikuwa halina pa kuweka mguu. Mafundi walijazana kaunta, huyu anataka plagi, yule anataka mkanda wa feni, na kila mmoja anaapa kwamba ndiye aliyetangulia. Nyuma ya kaunta alisimama dada wa miaka thelathini na moja, kitambaa cha kijani kichwani, kalamu sikioni. Mafundi walimwita Mizani, kwa sababu hakuuza kitu bila kuuliza uzito na kipimo.

"Dada, nipe stendi za jeki," sauti ilitoka nyuma ya watu.

Mizani akainua macho. Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli yake ya bluu imefuliwa ikapigwa pasi mpaka mstari unaonekana. Fundi mwenye ovaroli ya pasi! Moyo wa Mizani ukaruka bila ruhusa yake.

"Za gari gani?"

"Gari lolote."

"Gari lolote sijawahi kuliona barabarani. Dogo au kubwa?"

Watu wakacheka. Yule mrefu akajikuna kidevu. "Pikapu, mara nyingi."

"Sakafu yako ni udongo au saruji?"

"Saruji. Lakini dada, mbona maswali mengi hivyo, unanichumbia?"

"Nisipouliza mimi, atakuja kuuliza daktari."

Akazisukuma pembeni stendi nyembamba zilizokuwa mbele, akainama, akatoa mbili nyekundu zilizomtoa jasho kuzibeba.

"Zile ni za magari madogo. Hizi zinabeba tani tatu. Ona kitako kilivyo kipana. Ona na hii pini, ukishapandisha unaichomeka, haishuki hata meno ya stendi yakikatika. Ukiinua gari kwa jeki, magurudumu yaliyobaki chini yawekee kabari. Ingiza stendi chini ya chesisi, ule mfupa wa gari, teremsha jeki polepole mpaka gari lizikalie. Halafu lisukume kwa nyonga. Likitikisika, usiingie."

"Kwa nyonga?"

"Kwa nyonga."

"Sijaelewa. Hebu nionyeshe."

Mizani akaipiga kaunta nyonga moja, makopo ya grisi yakagongana, duka zima likalipuka kwa vicheko. Fundi mrefu aliondoka na stendi zake, na kwenye mguu wa mojawapo ilikuwa imeandikwa namba ya simu ya Mizani kwa kalamu ya rangi nyeupe. Mizani mwenyewe alishangaa mkono wake ulivyothubutu.

Jioni ile ile fundi alipiga, na tangu hapo simu haikupoa. Kila saa nne asubuhi, mafundi wakipungua dukani, Mizani alipiga.

"Umeweka stendi?"

"Nimeweka, malkia wangu. Na wewe umeniweka wapi?"

"Kwenye rafu ya vitu vizito."

"Basi usinishushe."

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Baba yake alikuwa fundi wa malori. Siku moja, Mizani akiwa darasa la tatu, baba aliingia chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki na kukingwa kwa matofali. Tofali lilipasuka. Mama yake alibaki na watoto na Mungu wake. Mizani akajiapia kwamba hatampenda mwanamume anayeyakabidhi maisha yake kwa jeki na tofali. Haya yote alimweleza yule fundi, ambaye sasa alimwita Mrefu, wamekaa kwenye benchi mbele ya duka, na Mrefu aliweka kikombe chini, akasema, "Nimekusikia." Mizani akaamini. Miezi mitatu ikapita vizuri, wakapanga Mrefu aje kumwona mama.

Alhamisi moja Mizani akapata nafasi, akabeba chakula, akaenda gereji kwa Mrefu bila kumwambia. Alivaa gauni lake la njano, ambalo Mrefu alisema linamfanya asahau spana ameweka wapi.

Pale mlangoni akasimama kama aliyepigiliwa misumari. Pikapu nyeupe ilikuwa juu ya jeki moja na matofali mawili ya saruji. Chini yake ilitokeza miguu mirefu anayoijua. Na kule rafuni stendi nyekundu zilikuwa zinang'aa, zimefunikwa nailoni kama vyombo vya wageni.

Akatoa simu. Ikaita chini ya gari.

"Naam, roho yangu."

"Umeweka stendi?"

"Nimeweka, malkia wangu."

"Nimesimama mlangoni."

Miguu ikajikunja, kama inayotafuta pa kujificha.

"Toka kwanza," Mizani alisema. "Taratibu, usiguse kitu. Ukishatoka ndipo nitakasirika."

Alibana pumzi mpaka kichwa cha Mrefu kilipotoka. Kisha akaweka chakula kwenye benchi, akageuka, akaenda zake. Mrefu alimwita mpaka kona, yeye hakutazama nyuma.

Siku nne Mizani hakupokea simu. Mama yake alimwangalia akikoroga chai ile ile mpaka ikapoa.

"Umemwuliza kwa nini?"

"Kwa nini ya nini, mama? Amenidanganya kila siku, kwa jambo hilo hilo."

"Amekosa, tena sana. Lakini mimi nina miaka ishirini na mbili ya maswali kwa baba yako, mwanangu, na hakuna wa kunijibu. Wako bado anapokea simu."

Mizani akaomba kimya kimya. Kisha akapiga.

"Kwa nini?"

Mrefu hakuanza na malkia wala roho. "Namba yako iko pale kwenye mguu wa stendi, kwa mwandiko wako. Nikaona chuma na grisi vitaifuta. Nikasema nitazitumia wiki ijayo. Ulipouliza mara ya kwanza nikaona aibu kusema, nikadanganya. Baada ya hapo kila siku ikawa ngumu zaidi kukuambia ukweli."

"Kwa hiyo ungekufa, mimi nibaki na stendi zinazong'aa?"

"Nisamehe. Njoo uone zilivyo sasa."

Asubuhi yake akaenda. Pikapu ilikuwa imezikalia stendi mbili, rangi nyekundu imechubuka, namba imebaki tarakimu tatu tu. Mrefu alisimama kando, ovaroli imepigwa pasi.

"Sijaingia," alisema. "Nimekusubiri ulisukume wewe."

Mizani akainama, akashika pini moja moja. Akazunguka gari. "Kabari ya gurudumu la kushoto iko wapi?"

"Hiyo hapa, hiyo hapa!" Mrefu alikimbia kuiweka.

Mizani akakaza kitambaa, akalipiga gari nyonga. Halikutikisika. Akapiga tena, kwa hasira ya siku nne zote. Kimya.

"Ingia."

Mrefu akalala chali, akajisukuma ndani. Spana ikalia mara mbili, ikanyamaza.

"Mizani."

"Nini tena?"

"Unioe... yaani, nikuoe. Jumapili nije kwa mama?"

"Unaposa ukiwa chini ya gari?"

"Nilikudanganya nikiwa hapa. Nataka na ukweli niuseme hapa hapa."

Mizani akatazama stendi, akatazama ile miguu mirefu.

"Toka kwanza," akasema. "Ndipo nikujibu."

Alipotoka, paji lake lilikuwa na grisi. Mizani akamfuta kwa kidole gumba, taratibu kuliko grisi ilivyohitaji. "Njoo baada ya ibada. Na usichelewe."

Jumapili Mrefu alikaa sebuleni kwa mama. Mama akamwekea chai mbele.

"Siku binti yangu akiwa hayupo, nani atalisukuma gari?"

"Nyonga ninazo na mimi, mama."

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akawashika mikono, mmoja huku, mwingine huku.

"Haya, wanangu," akasema. "Fumbeni macho tuombe."