Maji ya Mutasim

Udongo ulikuwa umelowa. Hilo ndilo alilolikuta Dafaallah asubuhi ile alipofungua geti la bustani ya mji, na lilimkera kabla halijamtisha. Chini ya mwarobaini, pale ilipokuwa mitungi ya maji ya kunywa, palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa sinia, na mitungi yenyewe haikuwepo tena; vigae vyake vilishatupwa jalalani. Mvua ilikuwa haijanyesha, na katika mji ule wa Um Sidra, msimu ule hata vichaa hawangoji mvua. Bomba la karibu lilikuwa kule vyooni, na lilikuwa kavu. Dafaallah alimwaga mchanga juu ya kidimbwi, akaukanyagakanyaga, akaenda kunywa chai yake.

Bustani ile ina habari ndefu, na watu wa Um Sidra hawakuachii mpaka uisikie yote. Aliyeipima ni Mzungu mmoja, mkuu wa wilaya, mpenda mawaridi. Akapanda miarobaini kando ya njia, akajenga jukwaa lenye paa la bati ambako askari walipuliza matarumbeta yao Ijumaa jioni. Palikuwa na mbuni kizimbani, hadi siku alipomeza kufuli la kizimba chake akafa. Ulipokuja uhuru, jukwaa likawa la hotuba, mawaridi yakakauka, zikaletwa bembea za chuma zinazounguza makalio ya watoto mchana. Lakini ukiwauliza bustani yenu ina nini, wala hawakutajii bembea. Watakwambia ina mitungi.

Ilikuwa mitungi mitatu mikubwa ya udongo, mali ya Hajja Sittana. Mwanawe wa pekee, Mutasim, alikuwa utingo wa lori, na lori lao likaharibikia jangwani. Walipopatikana, kiu ilikuwa imeshawamaliza, na Mutasim ulimi wake ulikuwa mweusi. Chini ya mwarobaini ule ndipo lori lilipokuwa likingojea abiria, basi hapo hapo mama akaweka mitungi, akafunga kopo kwa mnyororo, na kila alfajiri akawa anakuja kuijaza kwa mikono yake. Kila aliyekunywa alifuta mdomo akasema, "Mungu amrehemu Mutasim." Wewe unatuliza koo lako, na thawabu inamfikia maiti aliyetajwa.

Sasa baraza la mji likaamua bustani ipendezeshwe. Lijengwe bwawa la marumaru lenye maji ya kuruka, na mahali palipochaguliwa ni pale pale penye mitungi. Dafaallah, msimamizi wa bustani, akaambiwa akazungumze na Hajja kwa upole, atafutiwe kivuli kingine. Dafaallah hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mwoga, na alimwogopa yule mama kuliko alivyoliogopa baraza. Siku zikapita, kila siku akijiambia kesho. Mwishowe, mchana mmoja wa jua la kupasua kichwa, mji mzima umelala, alishika jembe akaivunja mitungi yote, na Hajja alipokuja alfajiri na ndoo yake, Dafaallah akamwambia mbuzi wameingia usiku.

Hajja aliinama, akaokota kopo na mnyororo wake, akavifutika ndani ya tobu, shuka yake nyeupe aliyojitanda.

"Mbuzi nao wana kiu," alisema, akarudi nyumbani.

Baada ya hapo ndipo kidimbwi kikaanza. Kila siku Dafaallah alikifukia, na kila siku kilirudi. Kisha ikaja harufu, ile ya udongo wa mtungi mpya ukitiwa maji mara ya kwanza, harufu ambayo zamani aliipenda. Na ikaja sauti, adhuhuri tupu, saa ambayo hata nzi huko kwao hulala, maji yakidondoka tone baada ya tone ndani ya kitu chenye tumbo, halafu mnyororo ukikwaruza, halafu kopo likigonga udongo, halafu mtu, hapo, karibu naye kabisa, pumzi yake ikisikika, akinywa kwa pupa bila kushusha kopo, na Dafaallah akigeuka haoni mtu wala kopo, ila jukwaa na bembea, na bembea moja inatikisika kidogo hali upepo hakuna. Akaanza kufungua bustani kwa kuchelewa na kuifunga mapema. Dhamiri ilimsuta, akawa anakula bila kuhisi ladha ya chakula.

Nyumbani alikuwa na mke, Rugaya, na binti mmoja, Shama, aliyekuwa bado hajaanza shule. Alasiri moja Rugaya alimvuta kando jikoni.

"Baba Shama, huyu mtoto anakunywa maji mpaka ananitisha."

"Si joto hili?"

"Joto gani? Amemaliza mtungi. Mtungi mzima, mume wangu, na tumbo lake liko kama hajatia kitu. Na akimaliza, anasema Mungu amrehemu."

"Amrehemu nani?"

"Hamtaji. Ananitazama tu, kama anangoja mimi nimalizie."

Wakamleta Faki Idrisi, mganga wa vitabu, mzee mwenye utani mwingi ambaye siku ile hakutania. Aliandika aya kwenye ubao wake, akaosha wino ndani ya bakuli, akamnywesha mtoto kombe. Majini wengine wakinyweshwa kombe hulia, wengine hutapika. Shama alilinywa lote, akalamba midomo yake iliyopasuka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kiume, kavu, kama ya mtu aliyekula mchanga.

"Tamu. Lete nyingine."

Rugaya alijiziba mdomo kwa ncha ya tobu. Faki akauliza taratibu, "Nani wewe?"

"Nilizaliwa siku moja na Mutasim. Yeye kafa, mimi nimebaki na kiu yake. Nilikuwa nakunywa pamoja na watu bustanini, simsumbui mtu." Mtoto akageuza macho pole pole. "Muulize baba mtu, wale mbuzi waliingilia wapi."

Dafaallah akatazama mlango. Faki alimtoa uani, akamwambia kwamba kila mja ana mwenzake wa kijini, na huyu si wa kufukuzwa, kwani amekuja kudai haki. "Rudisha maji ya watu," alisema. "Na ukamwombe Hajja radhi kwa mdomo wako. Fanya yote mawili."

Dafaallah alifanya moja. Jua halijazama, mitungi mipya ilikuwa imesimama chini ya mwarobaini, imejaa, na watu walipouliza imewekwa na nani, aibu ilimshika ulimi, akasema ameiweka yeye kwa ajili ya marehemu baba yake. Mji ukamsifu. Shama akalala vizuri, midomo ikaanza kupona, na Dafaallah akajiambia basi yamekwisha.

Asubuhi Hajja Sittana alipita bustanini. Alichota kwa kiganja, akanywa, akafuta mdomo.

"Mungu amrehemu baba yako," alimwambia, na alikuwa anamaanisha.

Dafaallah alitamani ardhi immeze. Akamtazama mama yule akienda zake na mgongo wake uliopinda, na hajafika getini Rugaya akaja mbio bila viatu, anaonyesha tu mdomo wake mwenyewe kwa kidole, na Dafaallah akajua kabla hajafika nyumbani, akajua kabla hajainama juu ya kitanda na kumwambia mtoto apanue kinywa, kwamba atakachokiona ndani ya kinywa cha binti yake ni ulimi uliokauka unaoanza kuwa mweusi.

Akakimbilia kwa Hajja, akamkuta uani, kopo liko mapajani. Alipiga magoti.

"Hawakuwa mbuzi, Hajja."

"Najua. Alama za jembe nilizikuta kwenye vigae."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Hajja hakumkemea. Alinyanyuka, akamfuata bustanini, akamwaga maji ya jana yote, akajaza mitungi upya kwa mikono yake, akafunga kopo kwenye mnyororo. Kisha akabeba maji hadi kitandani kwa Shama, akamnywesha huku akitaja jina la mwanawe. Mtoto alikunywa kidogo, akalisukuma kopo, akasema ameshiba. Rugaya akalia kwa sauti.

"Umenisamehe, Hajja?" Dafaallah aliuliza mlangoni.

"Mimi nimekusamehe. Mwanangu simsemei."

Bwawa la marumaru halikujengwa. Shama amekua, ana watoto wake, na mtu akimkumbusha mambo yale huwa anacheka. Ila ukipita Um Sidra adhuhuri utamwona mzee mmoja, aliyekuwa msimamizi wa bustani, chini ya mwarobaini, midomo imempasuka, anachota, anakunywa, anachota tena. Kila akimaliza kopo anasema, "Mungu amrehemu Mutasim." Na wanaopumzika kwenye mabenchi ya karibu huhamia upande mwingine, kwa sababu wamesikia, mara nyingi mno, sauti kavu ikimjibu kutoka ndani ya koo lake mwenyewe.

"Lete nyingine."