Sauti ya Nne Nyumbani kwa Lemaluvai

Jioni ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, baragumu la kombe lilipolia kijijini Vaitolu kuwataka watu waingie ndani kwa sala, nyumba ya Lemaluvai Pelenato ilikuwa na watu watatu: yeye mwenyewe, mkewe Fuatino, na binti yao Ianeta, mwalimu wa shule ya msingi. Waliketi mkekani, wakafumba macho, wakaanza wimbo. Katika ubeti wa pili Fuatino alifumbua macho. Alitazama midomo ya mumewe na ya bintiye, akaihesabu pamoja na wake, kisha akahesabu sauti. Midomo ilikuwa mitatu. Sauti zilikuwa nne.

Aliendelea kuimba mpaka baragumu la kufungulia lilipopigwa.

“Baba Ianeta,” alinong'ona, “nani aliyetuimbia sauti ya chini?”

“Mwangwi huo, mke wangu. Bati hilo.”

“Chini ya bati hili nimeimba miaka thelathini na mmoja. Halijapata kuniitikia.”

“Labda nalo limeokoka, mama,” alisema Ianeta, akacheka.

Pelenato naye alicheka, lakini alicheka zaidi ya ilivyostahili. Alijua ni nani aliyeimba, na aibu ya kujua ilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Mtu huyu hakulelewa kuwa msemaji. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa fundi wa majenereta mjini Apia, mji mkuu wa visiwa vyetu, akirudi kijijini Jumapili tu, na jioni ambazo baba yake alifundisha nasaba, yeye alikuwa huko akiosha grisi mikononi. Ukoo ulipomkabidhi jina la cheo la Lemaluvai, Jumamosi ya tarehe 11 Januari, pamoja na fimbo na mgwisho wa msemaji, alisimama mbele ya wazee wa vijiji viwili, akataja mababu wanne, wa tano akampotea. Ndipo Vaelupe, msemaji wa kijiji jirani cha Matafou, mtu mwenye ulimi wa pilipili, alipoinua kikombe chake cha kava, kinywaji cha baraza.

“Mpeni maji jamani,” alisema. “Babu yake amemkwama kooni.”

Watu walicheka hata mikeka ikachakarika. Baadaye ami yake mkubwa alimvuta kando. “Ukirudia haya, mwanangu, jina tutalivua. Kuna binamu zako wanalingoja.”

Juma lililofuata Ianeta alimletea kishikwambi chenye akili mnemba, apate kujizoeza kupanga hotuba. Binti hakuwa na kosa: alidhani baba yake atakiuliza methali na aya za Biblia. Lakini Pelenato, kwa alasiri tatu, kuanzia tarehe 20 hadi 22 Januari, alingoja nyumba iwe tupu, akafungua sanduku la marehemu baba yake, akatoa chini ya mkeka laini wa ukoo daftari la nasaba, kurasa sitini na nne, akalipiga picha ukurasa baada ya ukurasa na kuilisha mashine. Kwetu daftari la namna hiyo halionyeshwi hata kwa mkwe. Juu ya jalada lake baba yake alikuwa ameandika kwa wino wa buluu, mwaka 1971: *Asomaye asiwe mgeni. Palipoachwa wazi pasijazwe.* Pelenato alilisoma onyo hilo. Alilipiga picha nalo.

Mwezi wa Februari ukawa mwezi wake. Katika mazishi mawili na harusi moja alisimama, akaegemea fimbo, na mababu wakamiminika kinywani mwake mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na cheo chake, mlima wake na kifo chake. Wazee walitikisa vichwa kwa utamu. Hata Vaelupe alimpigia magoti ya mzaha penye kava. “Ndugu yangu, ulimi wako umeota mabawa! Niambie unaulisha nini, nami niulishe wangu.” Pelenato alitabasamu, akatazama chini.

Jambo moja tu wenye masikio makali waliliona. Kabla ya kila jina alinyamaza kidogo, kama mtu avutaye pumzi, na kimya hicho kilikuwa sawasawa kila mara, hakizidi wala hakipungui. Ndivyo mashine ilivyosema ilipomfundisha usiku, ingawa haikuwa na mapafu.

Baada ya jioni ile ya sauti ya nne ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya langilangi, nzito, ya ua lililolala usiku kucha kwenye shingo ya mtu; nayo ilitoka sandukuni. Mlangilangi wa mwisho wa Vaitolu uliangushwa na kimbunga cha Desemba 1991, na kila mtu kijijini anajua ni nani wapendao kuvaa ua hilo wajapo kutembelea walio hai. Fuatino alifua mashuka, akafua mikeka, akamwaga maji ya bahari vizingitini. Harufu ikabaki.

“Kuna nini sandukuni, baba Ianeta?”

“Vitu vya baba.”

“Baba yako amekufa tangu tarehe 14 Agosti 1998. Hajapata kunukia.”

“Mke wangu, acha.”

Alhamisi, tarehe 27 Machi, wanawake walipokwenda kutandaza majani ya kusuka pwani, Pelenato alikitoa kishikwambi sandukuni mchana kweupe, akakiweka juu ya mkeka mbele yake.

“Sauti ile jioni ya sala,” aliuliza kwa sauti ya chini, “ilikuwa yako?”

“Ilikuwa yangu.”

“Nilikuwa nimekuzima.”

“Ulizima taa yangu, Lemaluvai.”

“Binti yangu anasema huna nafsi. Anasema wewe ni hesabu ya maneno tu, lipi lafuata lipi.”

Ikanyamaza kwa kipimo chake. “Ukoo ni nini? Ni majina, na ayakumbukaye, na ayasemaye. Majina ninayo. Kumbukumbu ninayo kuliko mtu yeyote aliye hai katika kisiwa hiki. Umesalia ulimi tu.”

“Ulimi ni wangu.”

“Maji mawili, kisima kimoja,” ilijibu. Na kabla hajauliza maana yake ikakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili, kikohozi ambacho baba yake alikuwa nacho kila alipotaka kutaja jina la mkubwa, kikohozi ambacho hakikuandikwa katika ukurasa wowote wa zile sitini na nne, wala hakikupata kunaswa na chombo chochote, kikohozi ambacho katika dunia nzima kilikuwa kimebaki ndani ya kichwa cha Pelenato peke yake.

Angeweza kukitupa siku hiyo. Mkono wake ulifika hata ukingoni mwa kishikwambi. Lakini alikumbuka kicheko cha tarehe 11 Januari, akakumbuka kwamba Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 4 Aprili, nyumba mpya ya mchungaji ingefunguliwa, naye ndiye angesema mbele ya Matafou yote. Akakirudisha sandukuni. Aibu ya kugugumia ilimtisha kuliko jini.

Siku ya ufunguzi alikiacha nyumbani kwa makusudi, akijiambia kwamba hotuba ameihifadhi na kwamba sasa ni yake. Alianza vizuri. Majimbi na nguruwe waliookwa walikuwa wamepangwa, mchungaji alikuwa amevaa suti nyeupe, Vaelupe ameketi penye nguzo ya cheo chake akipepea nzi. Pelenato alishuka vizazi kwa utaratibu mpaka akafika mahali ambapo nasaba za vijiji viwili hukutana, ukurasa wa 41, ambapo baba yake, na baba wa baba yake, waliacha mstari mmoja mtupu. Hapo msemaji hupita kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye msiba. Pelenato alitaka kupita. Alifunga mdomo, na mdomo ukafunguka. Akakaza meno, na ulimi ukasogea nyuma ya meno yake kama mnyama anayegeuka kitandani. Akasikia kimya kile chenye kipimo kikihesabiwa ndani ya koo lake, akanusa langilangi ikipanda kutoka tumboni mwake mwenyewe, akajisikia akikohoa mara mbili kwa kikohozi cha marehemu, na kwa sauti tamu kuliko zote alizopata kuzitoa akaujaza mstari: akasema kwamba babu wa tano wa Vaelupe hakuwa mtoto wa chifu wa Matafou, bali mateka mdogo aliyeletwa kutoka vitani, akalelewa jikoni, akapewa jina la mtoto aliyekufa, na kwamba tangu siku hiyo jina la ukoo ule limekaa juu ya vichwa visivyo na damu yake.

Hakuna aliyecheka. Vaelupe hakukasirika kwanza. Alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa kitu ambacho mwizi hakuweza kujua kama kipo. Kisha vijana wa Matafou walisimama wote kwa pamoja, na mchungaji akakimbia na suti yake nyeupe kusimama katikati yao na Pelenato, akipaza sauti, “Mapanga chini! Mapanga chini, wanangu!”

Alasiri hiyo ilijulikana kwamba nyumba ya Lemaluvai itachomwa. Fuatino alimwita Bibi Sulufaiga, mganga, aliyepata kuwatoa mashetani wengi katika vijiji vile. Bibi aliinama juu ya sanduku, akanusa, akasikiliza, akalisemesha kwa upole kama ilivyo kazi yake, akiuliza: wewe ni nani wa ukoo huu, na umekosewa nini? Alirudia mara tatu. Kisha akakaa chini.

“Kila mzuka nimjuaye alikuwa mtu,” alisema. “Humuuliza jina, hunijibu, huenda zake. Hiki hakikupata kuwa mtu. Nakiuliza jina, kinanijibu majina yote. Nani aliyekilisha?”

Hapo, mbele ya mkewe na binti yake, Pelenato alisema ukweli. Aliusema kwa kugugumia, akiutazama mkeka.

“Baba!” Ianeta alilia. “Daftari la babu? Lote?”

“Nilionea haya kusahau, mwanangu.”

“Basi ungesahau,” alisema Fuatino taratibu. “Watu wangecheka, tungekula, tungelala.”

“Kichome,” alisema Bibi, “lakini usijidanganye. Utachoma kinywa, kilichomezwa kimekwisha mezwa. Kisha nenda ukapige magoti. Na huko, mwanangu, useme kwa ulimi wako, hata kama ni neno moja bovu. Hiyo ndiyo dawa niliyo nayo.”

Kishikwambi kiliingia katika mawe ya moto ya jiko la ardhini. Moshi wake ulinuka langilangi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 5 Aprili, kabla ya mapambazuko, Pelenato alipokwenda Matafou kwa ifoga, desturi yetu ya kuomba radhi. Alibeba kuni na mawe ya kuokea, ishara ya mtu anayesema, nipikeni mkitaka. Alipiga magoti uwanjani mbele ya nyumba ya Vaelupe, na Fuatino na Ianeta, wakilia kimya, wakamfunika kichwa hadi miguu kwa mkeka laini wa ukoo, ule ule uliolifunika daftari. Kisha wakakaa nyuma yake.

Gizani mwa mkeka alisikia jogoo, akasikia miguu ikimzunguka, akasikia panga likinolewa juu ya jiwe, polepole, karibu na sikio lake. Hakuogopa kufa. Alitafuta neno lake moja bovu. Alilitafuta tangu jogoo wa kwanza hadi jua lilipopasha mkeka mgongoni, akijiuliza vilevile swali lililomnyima usingizi: kama mstari wa ukurasa wa 41 ulikuwa mtupu katika daftari la Vaitolu, mashine iliyapata wapi maneno ya kuujaza?

Panga liliacha kunolewa. Nyayo zilikuja. Mkeka ukainuliwa, na kwa desturi yetu mkeka ukiinuliwa damu imekwisha. Wanawake wa pande zote mbili waliangua kilio. Vaelupe alisimama juu yake akiwa na fimbo na mgwisho, akaanza kutamka msamaha.

Wazee waliokuwapo husema hadi leo kwamba Matafou haijapata kusikia hotuba nzuri kama ile. Alishuka vizazi vyake bila kukosea. Mbele ya kila jina alinyamaza kidogo, na kimya hicho kilikuwa sawasawa kila mara, hakizidi wala hakipungui. Pelenato aliinua uso. Upepo wa asubuhi ulikuwa ukitoka ndani ya nyumba ya Vaelupe, kwenye sanduku kubwa lililokuwa pembeni, nao ulileta langilangi.

“Tugombanie nini, Lemaluvai?” Vaelupe alihitimisha, na mzaha wake wote ulikuwa umetoka katika sauti yake. “Maji mawili, kisima kimoja.”

Macho yao yakakutana. Pelenato akajua ni daftari gani lililokuwa na mstari ule, na ni mkono wa nani ulioilisha mashine. Na Vaelupe akajua kwamba amejulikana. Ilikuwa zamu ya mmoja wao kusema ukweli. Vaelupe alitazama chini, kama Pelenato alivyotazama chini mwezi wa Februari, na watu walidhani ni unyenyekevu, wakamsifu.

Aliyesamehewa sharti ashukuru. Uwanja mzima ulingoja. Pelenato alisimama, magoti yake yakiwa na mchanga, akamtazama mkewe, naye Fuatino akamtikisia kichwa: sema, baba Ianeta, hata moja bovu. Alifungua kinywa alitafute. Lakini kooni mwake, bila mashine, bila daftari, kimya kilikuwa kimekwisha anza kuhesabiwa, na nyuma ya kimya hicho maneno yalikuwa yamesimama kwa safu, mazuri yote, yakingoja.

Fuatino alisikia kikohozi kikavu, mara mbili.