Redio Inayotujua

Mchana, mshonaji akikanyaga cherehani yake, nyumba nzima ilikuwa kama inasinzia. Pazia lilipumua taratibu dirishani. Mama yake mzazi, ambaye alikuwa haoni tena, aliketi kwenye kiti chake, simu mapajani. Wote nyumbani walimwita Bibi. Simu yake ilikuwa ikiongea polepole, kwa sauti ya redio ya mtaa.

Redio hiyo ilikuwa chumba kimoja tu, juu ya duka la vipuri. Haikuwa na mnara. Watu waliisikiliza kwenye simu kwa njia ya mtandao. Ilitangaza nani kafiwa, nani kajifungua, zahanati inachanja lini. Bibi alisikiliza huku akitabasamu, nusu yuko macho, nusu yuko ndotoni.

"Njia ya sokoni imechimbwa," aliwaambia. "Piteni nyuma ya shule."

"Mama, huoni, na bado unatuonyesha njia!" mshonaji alicheka.

"Macho yangu yako hewani, mwanangu."

Siku moja mume wa mshonaji, fundi baiskeli, alirudi na furaha tele. Kampuni moja kubwa ilikuwa imenunua nyaya zote za mtandao za mji ule. Sasa ilikuwa inagawa huduma mpya.

"Bure!" alisema. "Muziki, filamu, redio ya kampuni. Huweki hata vocha."

"Mh! Bure hivihivi?"

"Bure kabisa, mke wangu."

Alibonyezabonyeza simu ya mama mkwe wake. Tangu hapo sauti mpya ikajaa chumbani. Ilikuwa nyororo kama maji ya uvuguvugu. Ilisema mvua inanyesha katika miji ya mbali. Ilisimulia habari za watu ambao Bibi hakuwafahamu. Alipojaribu kuirudia redio ya mtaa, ilikwama, ikashikwa na kigugumizi, ikakatika.

"Huyu anaongea vizuri," Bibi alisema, "ila hanijui."

Walimcheka kidogo, wakaendelea na kazi zao.

Haukupita muda, bomba la maji machafu likapasuka, yakachanganyika na maji ya kunywa. Redio ya mtaa ilitangaza: chemsheni maji kabla ya kunywa. Kwa mshonaji hakuna aliyesikia. Binti yao mdogo alitapika na kuharisha mpaka akalegea kama kitambaa kilicholowa. Walimkimbiza zahanati, akatundikiwa dripu. Mshonaji alikaa kando ya kitanda akitazama tone moja likifuata jingine. Hakujua kama amelala au yuko macho, mpaka aliposikia sauti ndogo ikisema, "Mama, nina njaa." Hapo akalia.

Waliporudi nyumbani, jirani yao alikuja kuwajulia hali. Alikuwa mtangazaji wa redio ya mtaa. Watu walimwita Sauti, maana sauti yake ilifika mlangoni kabla yake.

"Poleni sana. Nilitangaza mpaka koo likakauka!"

"Hatukusikia," mshonaji alijibu. "Redio yenu haifunguki siku hizi."

Sauti alishusha pumzi. "Haifunguki kwa wengi. Kampuni imevipa vitu vyake njia pana. Sisi wengine tunapitishwa uchochoroni. Redio ikikwama, watu wanahama. Wakihama wote, tunafunga mlango. Nani atawaambia maji yamechafuka? Yule anayetangaza mvua ya mbali?"

Fundi baiskeli aliinamisha kichwa. "Kumbe ni mimi niliyeyaleta haya."

"La, shemeji. Nani hapendi kupunguziwa mzigo? Tatizo ni kuachiwa mlango mmoja tu."

"Lakini nyaya si ni zao?" mshonaji aliuliza.

"Ni zao. Ila zimelazwa chini ya barabara, na barabara ni ya umma. Kampuni inapita hapo kwa kibali. Mamlaka ya mawasiliano ndiyo inayokitoa, kwa niaba yetu. Na kibali kina masharti. Sasa kinataka kufanywa upya, na wananchi wameitwa ukumbini kutoa maoni."

"Sisi? Tukaseme nini mbele ya wakubwa?"

"Semeni yaliyowapata. Basi."

Bibi, ambaye wote walidhani amelala, aliinua kichwa. "Nipigieni pasi gauni langu. Nitasema mimi."

Ukumbi ulijaa. Mwakilishi wa kampuni alisimama, akaongea kwa adabu. "Hatujamfungia mtu. Wateja wenyewe wamechagua huduma yetu."

Mshonaji alimshika Bibi mkono, akamfikisha kwenye kipaza sauti.

"Mwanangu," Bibi alisema, "mimi sioni. Nikibonyeza redio yenu, inafunguka. Nikibonyeza ya mtaani kwetu, inakufa. Hapo nimechagua nini? Bure yenu tunaitaka, hatuna ugomvi nayo. Lakini mjukuu wangu amekunywa maji machafu, na onyo lilikuwepo. Lilikwama kwenye waya wenu."

Kisha mwuza mkaa akasimama, naye akasema yake. Baada yake mkunga. Baada yake kinyozi.

Mamlaka ilichukua muda, kisha ikatoa uamuzi. Kibali kitatolewa, lakini kwa masharti. Huduma ya bure ibaki, na redio zote za jamii ziwemo ndani yake. Kampuni isizipunguzie kasi. Tena sehemu ya mapato yake isaidie redio hizo, kwa kuwa inatumia njia ya umma.

Redio ya mtaa ikafunguka tena, safi. Matangazo ya maji na chanjo yakawafikia watu kwa wakati. Sauti naye akaja na ombi: wasikilizaji wanataka kipindi cha wale wasioona, na mtangazaji awe Bibi.

Siku ya kwanza mshonaji alimsindikiza hadi juu ya duka la vipuri, akamwacha, akarudi kwa miguu. Mtaa ulikuwa umetulia katika joto la mchana. Kutoka kwa kinyozi alisikia mama yake akisalimia. Kutoka dirisha la mkunga, mama yake akaeleza njia ipi ina mashimo. Penye mkaa, mama yake akacheka. Mshonaji alipunguza hatua. Nyumba baada ya nyumba, sauti ile ilimpokea na kumkabidhi kwa nyumba inayofuata, mpaka akafika kwake.