Milimita Kumi na Mbili

Jumatatu ile maji ya kwenye kipimamvua yalikuwa na joto.

Si joto la kuunguza. Yalikuwa vuguvugu, kama maji yaliyotoka mdomoni mwa mtu. Mpima mvua aliyagusa saa tatu kamili asubuhi, juu ya kilima nyuma ya nyumba yake, koti limemganda mgongoni na vidole vimekufa ganzi. Kipupwe kilikuwa kimeingia kwa fujo mwaka huo. Mvua ilinyesha tangu jana yake bila kuvuta pumzi, watu wanapigiana kelele chumba kimoja ili wasikilizane chini ya mabati, na yeye alitarajia kupata milimita sitini, sabini huko. Alipoyamimina kwenye bilauri ya kupimia, yalisimama kwenye kumi na mbili.

Akachovya kidole, akaonja. Chumvi.

"Astaghfirullah," akasema, akayamwaga haraka kama mtu anayeficha kitu. Daftarini akaandika sitini na tano, maana ile kumi na mbili mkono wake uligoma kuiandika.

Watu walimwita Bwana Milimita, na kazi yake ukiitazama kwa mbali ilikuwa ndogo. Kila siku saa tatu apande kilimani, apime mvua, atazame upepo na bahari, kisha ashuke mpaka kwenye ubao mweusi uliosimama karibu na njia ya miambani, aandike kwa chaki. Wanawake waokota chaza walisimama mbele ya ubao huo na vikapu vyao. Ukisema shwari, wanashuka. Ukisema hatari, wanarudi nyumbani wakinung'unika. Kazi ndogo, lakini roho za watu zilikuwa zimening'inia kwenye kipande chake cha chaki.

Jumanne yakawa kumi na mbili tena, na ndani ya bilauri mkaelea uzi mmoja wa mwani. Aliporudi nyumbani alikuta harufu imemtangulia. Harufu ya mwani uliooza, nzito, imekaa sebuleni kama mgeni aliyekaribishwa.

"Umekanyaga nini huko?" mkewe akamwuliza, kashika pua. "Nyumba inanuka bahari."

"Ni mvua tu, mke wangu."

"Mvua inanuka mwani siku hizi? Haya, we ndiye mtaalamu."

Mkewe akacheka kidogo, na yeye akajilazimisha kucheka. Lakini kumi na mbili aliijua. Aliijua kama mtu anavyolijua jina lake.

Mwaka mmoja nyuma, wiki kama hiyo hiyo ya kipupwe, saa tatu ilimkuta kitandani, kajifunika gubigubi. Baridi ilikuwa kali na kitanda kilikuwa kitamu, hakuna kisingizio kingine, Mungu atusamehe. Mkewe alikuwa ameenda kumtazama jirani mgonjwa. Mlangoni akasimama shemeji yake, mdogo wa mkewe, mjane aliyekaa nao, kikapu mkononi na utani mdomoni kama kawaida yake.

"Shemeji! Umepanda leo?"

"Nimepanda na nimeshuka," akajibu toka ndani ya blanketi.

"Mbona koti lako kavu?"

"Aa, unanihoji kama polisi? Mvua kumi na mbili. Upepo mdogo, bahari shwari. Hebu niandikie ubaoni, si unapita hukohuko."

Shemeji akacheka. Akachukua chaki. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe, akakisoma alichokiandika, akakiamini, akashuka miambani. Bahari ilimrudisha siku ya tatu.

Msibani watu walisema hali ya hewa iligeuka ghafla, hakuna wa kulaumiwa, na Bwana Milimita alitikisa kichwa pamoja nao. Tena yeye ndiye aliyeomba dua, sauti ikimtetemeka, na watu wakamsifu kwa huruma yake. Mkewe alimshika mkono akamwambia, "Ahsante kwa kumpenda mdogo wangu." Lawama angezivumilia. Kushukuriwa ndiko kulikomla ndani kwa ndani, mwaka mzima, na hakufungua mdomo.

Jumatano alipoinama kwenye kipimamvua alisikia changarawe zikilia nyuma yake, hatua za mtu aliyevaa ndala zilizolowa, chwa, chwa, chwa, zikasimama hapo hapo penye kisogo chake.

"Shemeji," ikasema sauti kwa upole. "Umepanda leo?"

Aligeuka. Palikuwa na uzio na mvua, basi. Alishuka kilima mbio hadi ubaoni, akaandika HATARI kwa herufi kubwa kama za watoto wa shule. Adhuhuri waokota chaza wawili walimpitia nyumbani wamekasirika.

"Bwana Milimita, unatuchezea? Ubao unasema shwari, bahari inapasua miamba!"

Akaenda kuutazama. Upepo mdogo, bahari shwari. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, na mkia mrefu kwenye kila herufi ya mwisho. Aliujua mwandiko huo. Akaufuta kwa kiganja, ukarudi taratibu, mweupe, kama jasho linavyotoka kwenye ngozi.

Alhamisi mkewe hakupika. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, na miguuni pake kile kikapu cha marehemu ambacho mwaka mzima kilining'inia stoo bila kuguswa.

"Mdogo wangu amepita asubuhi," akasema kwa kunong'ona, macho yanang'aa kama ya mwenye homa. "Amesema, dada, chaza ni wengi, bahari imetulia, mwulize shemeji. Jumamosi maji yakipwa twende wote."

"Mke wangu, mdogo wako..."

"Najua alikufa. Nimemzika mimi." Akamtazama moja kwa moja. "Lakini anasema nikuulize. Nikuulize nini?"

Angesema pale pale, mambo yangeisha. Alisema, "Umechoka, kalale."

Ijumaa akamwita fundi cherehani, mtu mzima mchamungu ambaye, mbali na kushona, aliwasomea dua watu waliosumbuliwa na mashetani. Fundi alikuja na futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akavua viatu, akasoma polepole huku mvua ikishindana naye juu ya bati. Kila akifika mahali fulani, maji yalichuruzika toka ukutani, na mke akaomboleza kwa sauti isiyo yake. Fundi akaacha kusoma.

"Huyu si marehemu," akasema. "Marehemu yuko kwa Mola wake, hana haja na sisi. Huyu ni jini, kajivika sauti yake. Na hakuja hivi hivi, kuna mlango kaukuta wazi. Baina yako na shemeji yako palikuwa na neno gani?"

Mkewe akageuza uso kumtazama.

"Hakuna neno," akasema mpima mvua. "Labda... labda siku ile nilikosea kidogo kusoma kipimo."

Fundi akamtoa barazani.

"Ndugu yangu, nimeshonea watu miaka arobaini. Kuna wateja nikiwapima wanavuta tumbo ndani. Nawaambia acheni, nguo itawabana, hawasikii. Wewe leo umevuta tumbo mbele ya Mungu." Akajifunika mfuko wa plastiki kichwani. "Jini huyo amevaa uongo wako kama koti. Mimi nikisoma mpaka ndevu zianguke simvui. Uvue wewe, wote, mbele ya mwenye msiba wake. La sivyo ataondoka na anayemtaka."

"Atanichukia, fundi."

"Basi chagua. Akuchukie akiwa hai, au akupende akiwa maji."

Aliahidi kusema asubuhi. Asubuhi ilipofika alijiambia kwanza apande, apime, ndipo aseme. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kesho.

Saa tatu ya Jumamosi alikuwa amesimama kilimani, bilauri mkononi, kumi na mbili ikimtazama, alipoinua macho akaona chini, kwenye njia ya miambani, mkewe anatembea na kikapu, na mbele yake anatembea mwanamke mwingine ambaye mvua ile yote haikumgusa, nguo zake kavu kabisa, na hapo bilauri ikamponyoka, akaanza kukimbia, akateleza, akainuka, akapita ubao uliosema bahari shwari, akawapita waokota chaza waliojibanza kwenye kibanda wakipiga kelele kumwita mkewe ambaye hasikii, akaingia miambani magoti yanavuja damu, na wimbi likapanda kando yake refu kama ukuta wa nyumba, likapasuka, likamtapikia chumvi machoni, na alipoweza kuona tena mkewe alikuwa amesimama kwenye mwamba wa mwisho na yule mkavu amempa mgongo, na mkewe akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Shemeji. Umepanda leo?"

Waokota chaza walikuwa wakitazama. Kijiji kizima kingejua kabla ya adhuhuri. Alilijua hilo, na hata wakati ule, aibu ilimwita kwa mara ya mwisho, ikimwambia anyamaze.

"Sikupanda!" akalia. "Sikupanda, mke wangu! Nilikuwa kitandani! Kumi na mbili niliitunga, na bahari shwari niliitunga, nikampa yeye aandike! Akaniuliza koti mbona kavu, nikamdanganya! Halafu nikamwombea dua! Ukanishukuru, nikanyamaza!"

Yule mwanamke mkavu akageuka nusu. Uso wake hakuuona, na alimshukuru Mungu kwa hilo. Ghafla mvua ikampata, yote kwa mara moja, akashuka kama ndoo iliyomwagwa, na kilichobaki juu ya jiwe ni doa jeupe la chaki, likasafishwa na maji. Mkewe akaanguka magotini. Mumewe akamburuta, mara amemshika mkono, mara nywele, wakafika mchangani, na nyuma yao wimbi likaufunika ule mwamba mzima.

Mkewe alikuwa na fahamu zake. Alijua kila kitu. Aliutoa mkono wake kwenye mkono wa mumewe, bila kuuvuta kwa nguvu, kama mtu anayeweka chini kitu kisicho chake.

Jumapili harufu haikuwepo, na ubao ulikaa na neno aliloliandika jana yake jioni, HATARI. Mvua iliendelea. Saa tatu kasoro alitoka, akapanda kilimani, akasikia changarawe zikilia nyuma yake, chwa, chwa, akageuka upesi. Alikuwa mkewe. Tangu jana hakuwa amemwambia neno. Alisimama kando ya uzio, mtandio umelowa, akimtazama akifanya kazi yake.

Mumewe akayamimina maji kwenye bilauri mpya. Akainama kusoma. Akasoma tena.

"Ngapi?" mkewe akauliza.

"Wallahi, mke wangu, njoo utazame mwenyewe."

"Nimekuuliza ngapi."

"Kumi na mbili."

Mkewe akaja. Akaitazama bilauri kwa muda mrefu. Akachovya kidole, akaonja, na kabla mumewe hajanyoosha mkono naye aonje, akayamwaga yote kwenye majani.

"Andika," akasema, akageuka kushuka kilima.

Akaandika. Ladha ya maji yale, kama ni chumvi au ni mvua tu, mkewe hakumwambia siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na yeye, mpaka anaingia kaburini, hakuwahi kuwa na uso wa kumwuliza.