Kosa la Kupita Chini ya Kamba

Kila asubuhi Florentine alifagia uwanja, akapika uji, akamwamsha binti yake Victoire aende shuleni. Kisha alijitwika beseni la ndizi na karanga, akaenda kuuza kwenye bariyeri, yaani kizuizi cha polisi barabarani, kati ya kijiji chao Kiringye na Luvungi. Bariyeri yenyewe ilikuwa kamba tu. Upande mmoja ilifungwa kwenye mti, upande wa pili ilishikwa na polisi. Lakini gari likisimama, abiria husikia njaa. Ndiyo maana wanawake walipapenda mahali pale, hata kama waume zao walipalaani.

Waliopalaani zaidi ni wamotari, yaani vijana wanaobeba watu kwa pikipiki. Walisimamishwa kila mara, wakaulizwa karatasi, wakacheleweshwa. Mmoja wao alikuwa Modeste, mdogo wa Marcellin, mume wa Florentine. Modeste alikuwa kijana wa vituko. Akimwona shemeji yake, alichukua ndizi bila kuomba, akaondoka akipiga honi. Florentine alimgombeza na kumpenda vilevile.

Mchana mmoja Modeste alitoka Luvungi, peke yake, bila abiria. Brigadier, mkubwa wa polisi waliokuwa pale, alimpungia mkono asimame. Modeste alikuwa amesimamishwa hapohapo asubuhi, na hakutaka tena. Alipunguza mwendo kama mtu anayesimama. Ghafla akainama, akapita chini ya kamba, akaongeza mwendo. Brigadier akapiga kelele. Pikipiki ilikuwa imekwisha kufika kwenye shamba la mihogo, mbali na kamba, risasi moja iliposikika.

Florentine aliacha beseni lake, akakimbia. Alimkuta shemeji yake amelala kifudifudi. Alimwita, naye hakuitika.

Kabla jua halijatua, Kiringye nzima ilikuwa imeona. Waliokuwa shambani waliona. Hata bwana mmoja aliyeshinda Uvira akinunua misumari, naye eti aliona. Nyumbani kwa wafiwa mabishano yaliwaka kuliko moto wa kilio. Wengi waliapa kwamba Modeste alisimama, akashuka, akainua mikono. Polisi nao walikuwa wameeneza neno lao, kwamba alitaka kumgonga brigadier kwa pikipiki. Wachache walinong'ona kwamba anayekataa amri ya serikali amejitakia mwenyewe. Hapo watu wazima walishikana mashati.

Mara Gédéon, mkubwa wa wamotari, akaingia na vijana wake, honi zikilia. Walitaka kubeba maiti mpaka kwenye bariyeri, kisha wachome kibanda cha polisi. Vijana wa kilioni wakaruka juu, wakashangilia.

Ndipo akasimama Capitoline. Alikuwa jirani yao, na alifundishwa Uvira kazi ya parajuriste, yaani kuwasaidia raia kuelewa sheria. Alijiweka mbele ya pikipiki ya Gédéon, na hakutoka.

"Gédéon, mukichoma ile kibanda, kesho tutalilia batu wangapi?" aliuliza. "Munganga wa hospitali hajaona mwili bado. Aonyeshe lisasi iliingia wapi. Mukimuzika bila ile, mutazika na haki yake."

Hasira hasara, na siku ile ilibaki kidogo tu hasara iongezeke. Marcellin alimtazama mama yake. Mama, aliyekuwa amekaa chini na kitambaa chake kichwani, alisema mwanawe apelekwe hospitali kwanza. Wakampeleka. Daktari alikuta kwamba risasi iliingia mgongoni. Ndipo wakamzika, kwa nyimbo na kwa heshima.

Baada ya mazishi Capitoline alimchukua Marcellin mpaka Uvira. Njiani alimweleza kwamba katika nchi yetu polisi huhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Anayetaka kumshtaki hupeleka malalamiko kwenye ofisi ya mashtaka ya jeshi, inayoitwa auditorat. Marcellin alishangaa sana. Maisha yake yote alidhani polisi hashtakiwi. Malalamiko yalipokelewa, brigadier akakamatwa. Kisha ikaja habari iliyoamsha kijiji kizima. Mahakama ingekuja Luvungi yenyewe, isikilize kesi mbele ya watu wote.

Gédéon akakusanya familia na wamotari. Aliwaambia kwamba mbele ya mahakimu wote waseme kwa kinywa kimoja: Modeste alisimama, akashuka, akainua mikono. Akawapitia mmojammoja, nao wakarudia kama watoto wa darasa la kwanza. Florentine alikuwa wa mwisho, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote.

"Minye niliona anapita chini ya kamba," alisema Florentine.

Kelele zilizofuata zilimfanya aingize kichwa mabegani. Mmoja alimwambia kwamba amezoea kuuzia polisi ndizi, na sasa anawauzia na damu. Mama mkwe wake akainuka. Alimgeuzia mgongo, na hilo liliuma kuliko matusi yote.

Nyumbani Marcellin alimsihi kwa sauti ya chini. "Mama Victoire, ile ni damu yangu. Ukisema alikimbia, yule polisi anatoka. Na weye utakuwa umemutoa."

Florentine aliwaza. Akisema uongo, atamkosea Mungu. Akisema kweli, muuaji atarudi kushika kamba, naye atakuwa adui katika nyumba yake mwenyewe. Alitoka mbio mpaka kwa Capitoline, akamkuta anachambua maharagwe, akamwaga yote yaliyokuwa moyoni.

Capitoline alimsikiliza mpaka mwisho. "Lisasi iliingia ku mugongo, mbali na kamba," alisema. "Ukisema alisimama na kuinua mikono, nani atakusadiki? Wakili wa polisi atakuangusha, na kesi itaanguka naweye."

"Na nikisema alipita?"

"Kijiji yote iko inabishana kama alisimama ao hakusimama. Sheria iko inauliza ingine. Wakati brigadier alipiga lisasi, maisha ya nani ilikuwa mu hatari?"

Florentine alifumba macho. Aliiona tena ile njia nyeupe, na mgongo wa Modeste ukienda. Mbele yake hapakuwa na mtu. Brigadier alikuwa nyuma, salama kabisa, na bunduki mkononi.

"Ya mutu hata mumoja, hapana," alisema polepole.

Capitoline akamweleza. Polisi ana haki ya kumsimamisha mtu, na anayekataa ana kosa. Polisi anaweza kumfuata, kusoma namba ya pikipiki, kupigia simu bariyeri ya mbele. Anaweza kumpeleka kwa wakubwa aadhibiwe. Lakini kumpiga mtu risasi ni jambo la mwisho kabisa, pale maisha ya polisi au ya mtu mwingine yako hatarini na njia nyingine haipo. Mtu anayekimbia bila kumtisha yeyote hapigwi risasi.

"Basi useme ile macho yako iliona," alimaliza Capitoline. "Ile hukuona, useme hukuona."

Florentine aliruka kwa furaha, akamwaga maharagwe ya watu. Alirudi kwake anakimbia, akamkamata Marcellin mkono, akamwuliza swali lilelile. Marcellin naye akajibu kwamba hakuna. Kisha akavaa viatu, akaenda kumwomba Gédéon aache ule uongo. Gédéon aliguna tu, akasema wataona.

Siku ya kesi, uwanja wa mpira wa Luvungi ulifurika. Watu walitoka Kiringye, walitoka Uvira, walitoka milimani kwa miguu. Wengine walikaa juu ya pikipiki, wengine juu ya kuta. Mahakimu walikuwa chini ya turubai, wamevaa nguo za jeshi.

Shahidi wa kwanza alikuwa motari wa Gédéon. Alisema Modeste alisimama, akainua mikono. Wakili wa brigadier akamwuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi. Akasema upande wa mti. Na polisi je? Wote upande wa mti. Basi nani alishika kamba? Kijana akababaika, uwanja ukacheka. Njia ya mwongo ni fupi. Gédéon alishika kichwa.

Florentine akaitwa. Wakili alimwendea akitabasamu, akamwuliza kama marehemu alitii amri.

"Hapana," alisema Florentine. "Alipita chini ya kamba."

Uwanja ulinguruma. Mama mkwe alijifunika uso. Wakili akaketi kama mtu aliyekwisha kushinda. Lakini hakimu mkuu hakumruhusu Florentine aondoke. Alimwuliza: risasi ilipolia, brigadier alikuwa wapi?

"Nyuma yake, ku kamba. Modeste alikuwa amefika ku shamba ya mihogo."

"Mbele ya pikipiki kulikuwa na mtu?"

"Hapana. Njia ilikuwa wazi."

Hakimu akamgeukia brigadier, akamtaka aieleze mahakama ni nani aliyekuwa hatarini saa ile. Brigadier alitazama viatu vyake.

"Alinizarau, mukubwa," alisema.

Mnong'ono ulipita uwanja mzima, kwa maana kila mtu alisikia kwamba lile halikuwa jibu. Hukumu iliposomwa, brigadier alikutwa na hatia ya kuua, akapelekwa gerezani. Hapo honi zililia, wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakakumbatiana na watu wasiowajua. Marcellin alilia waziwazi. Gédéon alipanda juu ya kiti cha pikipiki yake, akatangaza kwamba kuanzia leo motari wake atakayepita chini ya kamba atajibu mbele ya chama cha wamotari. Anayeonewa kwenye bariyeri aende kwa Capitoline.

Katika furaha ile bwana mmoja, yule wa misumari, alisema kwa sauti kwamba hata hivyo marehemu alikataa amri. Mama mkwe alimsikia. Alipenya katikati ya watu mpaka kwa Florentine, akamshika mkono, akageuka kumtazama yule bwana.

"Mutoto wangu alikosa," alisema mama. "Mukamwana wangu amelisema mbele ya batu yote, na minye nalikubali. Lakini ile kosa haikuwa ya kufa."

Na siku ile hakuna aliyembishia.