Mama Dobi Apimwa Mkojo

Katika nyumba ya dobi, siku huanza kwa maji. Dobi mwenyewe hujaza mapipa. Mkewe huchambua nguo: nyeupe huku, za rangi kule, na soksi zilizopotelewa na wenzao kwenye kikapu chao. Naye mama mzazi wa dobi, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Dobi, hushika pasi.

Kwa pasi, Mama Dobi hakuwa na mpinzani. Shati lililotoka mkononi mwake lilimfanya hata mvivu aonekane ana kazi.

Basi wiki moja mambo yakageuka. Mama aliisahau pasi juu ya shati la mteja mpaka shati likatoboka. Kesho yake alimwita mkwewe kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyefariki zamani. Mchana akauliza kama marehemu mumewe ameshakula.

Dobi alimtoa pasi mkononi polepole.

"Pumzika, mama."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Pumzika tu."

Jioni dobi alimwambia mkewe, "Mama anatutoka huku tunamwona. Uzee umemwingia kichwani. Nataka niwaite ndugu zangu tukae, tuamue nani atamtunza." Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Alimpenda mama yake kupita kiasi.

"Ngoja kwanza," mkewe akasema. "Juzi juzi tu alikuwa anatutania wote. Uzee hauna haraka hivyo."

Asubuhi, alipokuwa akichambua nguo, mkewe alikuta magauni ya kulalia ya mama yamefichwa chini kabisa ya rundo. Yalikuwa na mkojo, na harufu yake ilikuwa kali. Unaweza kumdanganya daktari, lakini si anayekufulia nguo. Akakumbuka kwamba siku hizi mama anakwenda chooni kila mara, na akipewa maji anayakataa.

Akaenda kukaa naye kitandani.

"Mama, ukikojoa unaumia?"

Mama Dobi akatazama ukuta. "Ndiyo maneno ya kumuuliza mama mkwe hayo?"

"Simuulizi mama mkwe. Namuuliza mama yangu."

Mama akageuka kumtazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Panaungua kama pilipili. Nakwenda, kinatoka kidogo tu. Tena tumbo huku chini linauma. Maji nimeacha ili nisiende mara kwa mara. Lakini usimwambie mwanangu, nakuomba."

Mkwe akamgusa paji la uso. Lilikuwa la moto.

Dobi aliambiwa kwamba mama ana homa. Akataka kukimbilia duka la dawa anunue vidonge vyovyote. Mkewe akakataa katakata. "Utatibu nini, na hujui kinachomuuma?"

Wakaenda wote kwenye kituo cha afya. Dobi alikaa nje kwenye benchi. Ndani, daktari alimpima mama, akauliza maswali, kisha akampa kichupa chenye kifuniko. "Tunahitaji kupima mkojo wako."

"Sikojoi kwenye choo cha watu," Mama Dobi akasema.

Nyumbani hakukuwa mbali, hivyo daktari akawaruhusu wakauchukulie huko, mradi waulete mara moja.

Sasa dobi ni dobi. Walipofika nyumbani, mkwe alikitazama kile kichupa akaona haya. Ampe mama mkwe wake chupa ambayo haijafuliwa? Akakisuuza kwa ile dawa kali ya kung'arisha mashuka meupe, akakikausha, ndipo akampa mama.

Maabarani, mtaalamu alikuwa mama mmoja mchangamfu aliyevaa glavu. Alifungua kifuniko. Akanusa, akakunja pua, akacheka.

"Mama, mkojo wako unanukia shuka jipya."

"Sisi ni madobi," mkwe akasema kwa fahari. "Nimekisafisha."

"Ahsante kwa usafi, ila umeniharibia kazi," mtaalamu akasema, bado anatabasamu. "Mimi natafuta vijidudu vinavyomsumbua mama. Dawa ya nguo inaviua vikiwa humu humu kwenye chupa, huku tumboni mwake viko hai. Ningeupima huu, ningeweza kuwaambia hana ugonjwa, mkarudi nyumbani na ugonjwa wenu. Chupa ya maabara huja ikiwa safi. Usiioshe, wala usiguse ndani."

Mkwe akajishika kichwa. "Kumbe!"

"Tutachukua mwingine. Mama, nisikilize. Nawa mikono kwa sabuni. Jisafishe kwa maji matupu, kutoka mbele kwenda nyuma. Ukianza kukojoa, wa mwanzo uache uende chooni. Kinga ule wa katikati. Kisha funga kifuniko uniletee hapo hapo."

"Nikiacha wa mwanzo, si utapotea bure?"

"Uache upotee. Ule unaosha njia, unatoka na uchafu wa nje. Usione haya, mama. Wahenga walisema, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa," Mama Dobi akajibu, akaingia chooni. Choo cha watu kikakubalika.

Safari hii mkojo ulikuja na ukungu wake. Mtaalamu alichovya kijiti chenye vipande vya rangi, na baadhi ya rangi zikageuka. Akaweka tone kwenye darubini. Aliona chembe nyingi za usaha, na vijidudu.

"Sehemu iliyobaki nitaiotesha," akaeleza. "Vijidudu vitakua kwenye joto, nasi tutavijaribu kwa dawa mbalimbali tujue ipi inaviweza. Hiyo huchukua siku kadhaa."

Daktari alimwita dobi ndani. "Mama ana maambukizi kwenye njia ya mkojo. Kwa mtu mzima kama yeye, maambukizi na homa, tena bila maji ya kutosha, vinaweza kumvuruga akili. Si kila mzee anayesahau anaumwa hivi. Lakini akibadilika ghafla, mlete apimwe."

Mama alianza dawa siku hiyo hiyo. Majibu ya kuotesha yalipotoka, ikaonekana dawa ile haikuwa na nguvu kwa vijidudu vile, naye daktari akaibadilisha. Mama aliimaliza ile mpya yote, hata baada ya kujisikia mzima, na akanywa maji bila kubembelezwa. Homa ilishuka. Kuungua kukaisha. Majina ya watu yakarudi kwa wenyewe.

Jioni moja dobi alikaa karibu yake.

"Mama, ulikuwa unaumwa hivyo, ukaniacha nidhani umechanganyikiwa. Kwa nini hukuniambia?"

Mama Dobi akainama. "Wewe ni mwanangu wa kiume. Niliona bora uniite mzee kuliko nikutajie mkojo."

Dobi akamshika mkono.

"Mama, nilipokuwa mtoto mchanga, nepi zangu alifua nani?"

"Mimi."

"Uliona haya?"

Mama akainua uso. "Sikuona," akasema.

"Basi na mimi sioni."