Kilicholala Chini ya Nyuzi

Mama Nyuzi alimwachia dada yake sufuria jikoni na mtoto sebuleni, akalibeba gitaa mgongoni, akaenda kununua pedali, vile vijisanduku vya kukanyagwa vinavyobadili sauti ya gitaa. Jua lilikuwa linazama. Alitaka kurudi kabla chakula hakijapoa, maana hakuwa mtu wa kuzurura, na viatu alivyovaa vilikuwa vya dada yake na vilimbana.

Jina la Mama Nyuzi alipewa na wenzake wa bendi, kwa sababu hata mkoba wake wa sokoni haukukosa nyuzi za akiba. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepiga gitaa la umeme katika bendi ya hoteli, na gitaa hilo ndilo lililowalisha wote nyumbani. Kisha mlango wa gari la vyombo ukamponda kidole cha pete, mkono wa kushoto. Kidole kilipona kwa nje tu. Akibonyeza uzi noti inatoka vizuri, halafu inakufa kabla ya wakati wake.

Kiongozi wa bendi alivumilia wiki sita. Wiki ya saba alimvuta kando na kumwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha, kwamba Jumamosi kuna shughuli kubwa, na kwamba mpigaji mwingine amekwisha kuja kujaribiwa mara mbili. Mpiga ngoma akatania kuwa noti za Mama Nyuzi siku hizi zina haraka, kama mgeni aliyekuta wenyeji wanakula na hajakaribishwa. Watu wakacheka. Naye alicheka. Alipofika nyumbani alijifungia bafuni mpaka macho yakakauka.

Duka lilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya redio. Lilinuka vumbi na risasi iliyoyeyushwa. Mwenye duka, mzee mwembamba, alikuwa hana sauti. Aliongea kwa mnong'ono, na Mnong'ono ndilo jina aliloitwa na wanamuziki wote. Ukitaka kumsikia ilibidi uinamie meza.

Mama Nyuzi alimweleza shida yake bila kuzunguka. Anataka kompresa ya kumshikia noti, na ovadraivu ya kuzitia ukwaru kidogo ili udhaifu wa kidole usionekane. Mzee alipanga vijisanduku sakafuni, akachomeka waya, akampa kiti.

Ovadraivu ya kwanza ilinguruma kama nyigu ndani ya kopo. Ya pili, ya kahawia, ilitoa sauti ya mtu aliyecheka sana jana akaamka na koo zito. Hiyo aliichukua papo hapo. Kompresa ndiyo iliyomsumbua. Moja ilibana mpaka mdonoo wa kidole ukapotea, gitaa likasikika kama linapigwa chini ya blanketi. Nyingine ilishika noti kwa muda mfupi, kisha ikaiachia ghafla kama mtu aliyekumbuka ana kazi nyingine. Alijaribu tano. Nje giza lilianza kuingia, na yeye alianza kuona Jumamosi yake inavyokwenda.

"Baba, hakuna nyingine?"

Mzee akainama chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kilemba cha kike. Kisanduku kidogo cha kijivu, rangi imebanduka pembeni.

Alipiga noti moja. Noti ikatulia. Akahesabu mpaka kumi na mbili. Kidole kibovu kilitetemeka, lakini noti haikutetemeka.

"Hiki siuzi kwa kila mtu," mzee alinong'ona.

"Mimi si kila mtu. Mimi ni wa Jumamosi."

Alimsihi. Hakuwa mtu wa kusihi, na alijichukia alipokuwa akifanya hivyo. Mzee alimtazama kidole, kisha uso, kisha akauliza kama nyumbani kwake kuna kelele. Mama Nyuzi akamwambia ana binti wa miaka mitano ambaye mtaa mzima unamwita Kasuku, huongea tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba. Nikimpata wa kuzipunguza hizo kelele nitamshukuru, alisema.

Mzee hakucheka.

"Na aliyenyamaza? Kuna aliyenyamaza nyumbani kwako?"

"Hakuna."

Basi akamfungia. Lakini alimshika mkono kwanza, akamweleza jambo ambalo kila mpiga gitaa analijua. Kompresa haiongezi kitu, inasawazisha tu. Kikubwa inakishusha, kidogo inakipandisha. Kwa hiyo ikae mwanzo, gitaa liingie humo kwanza, ndipo sauti iende kwenye ovadraivu.

"Usigeuze," alinong'ona. "Ukiiweka mwisho, itapandisha na kile cha chini kabisa."

Siku ya Jumatano alifuata maagizo mpaka saa kumi jioni. Noti zilikaa, lakini si kama alivyotaka. Kwenye wimbo wa mwendo wa taratibu, pale gitaa linapobaki peke yake, kidole kiliteleza mara tatu. Mara ya nne alichomoa waya, akageuza. Ovadraivu mbele, kompresa mwisho.

Noti ikanyooka kama rula.

Alicheka peke yake. Kweli, kati ya noti na noti kulipanda mvumo, shhhhh, kama mchanga unaomiminwa, lakini mvumo huo alikuwa ameuzoea. Aliendelea kupiga. Aliponyamazisha nyuzi kwa kiganja, mvumo ulipanda taratibu... ukapanda... na ndani yake kitu kikavuta pumzi.

Pumzi fupi. Kama ya mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Ni umeme, alijiambia.

Kasuku aliingia akikimbia. Alikuwa na mchezo wake. Pikapu ya gitaa lile, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, ilikuwa imelegea kwa uzee, na ukiisemesha kwa karibu ilisikia na kuipeleka sauti kwenye spika. Mtoto alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye nyuzi, akapayuka jina lake.

Spika ikatoa sauti ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

Kasuku alicheka. Akapayuka zaidi. Ikatoka ndogo zaidi. Hapo akaacha kucheka, akanyamaza, na alipokwisha kunyamaza mvumo ukapanda tena.

Hhh... hhh...

"Mama, nani huyo?"

"Ni umeme tu. Nenda kwa mama mkubwa ukaoge."

Alhamisi mtoto aliamka amekauka koo. Mama yake alimpa maji ya moto yenye asali, akampeleka kwa daktari, daktari akammulika kinywani na kusema koo ni safi kabisa. Dada yake alisema labda amechoka kusema, hata redio hupumzika. Mama Nyuzi alikubali haraka, kwa kuwa alihitaji kukubali. Jioni alipiga saa mbili mfululizo. Kidole kilikuwa kama cha zamani.

Ijumaa Kasuku alifungua mdomo kumwita mama yake, na hakikutoka kitu.

Akapiga makofi ili atazamwe. Makofi yakasikika kama pamba. Akakanyaga sakafu kwa hasira, miguu yote miwili, na sakafu haikujibu. Mama Nyuzi alimnyakua, akambandika sikio kifuani. Moyo ulikuwa unapiga. Lakini ulipiga kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya gitaa akachomoa waya zote, hata wa spika ukutani.

Taa nyekundu ya kompresa ikabaki inawaka.

Na kutoka kwenye spika isiyo na umeme kikatoka kilio. Kilio cha kwanza cha mtoto mchanga kina namna yake, na mwanamke aliyezaa hakikosei.

Alikimbia dukani miguu mitupu.

Mzee alikuwa anafunga mlango. Alipomwona hakuuliza. Alimsogezea kiti, na yeye hakukaa.

"Ulisema hakuna aliyenyamaza," mzee alinong'ona.

Mama Nyuzi alishika ukingo wa meza. Akamweleza, kwa mara ya kwanza kumweleza mtu asiye wa nyumbani. Kasuku hakuja peke yake. Wa pili alimfuata baada ya dakika chache na hakulia. Mkunga alimpiga mgongoni, akampuliza, kisha akamfunga kitambaa na kumtoa nje. Hakupewa jina. Watu walipouliza una watoto wangapi, alijibu mmoja, na mume wake, kabla hajaondoka zake, alijibu hivyohivyo. Hakuwa amemdanganya mzee. Alihesabu waliolia.

Mzee alishusha pumzi. Yeye, alinong'ona, alikuwa mnadi. Sauti yake ilivuka mitaa mitatu. Mke wake alikuwa mtu wa kimya, mzee akaishi naye miaka thelathini bila kumsikia akilalamika, naye mke akafa hivyo. Kisha siku moja alikuwa anatengeneza kisanduku hicho, ameweka kipaza sauti mezani, akamsikia marehemu akisema. Kilitoka wapi kisanduku, hakujua. Kililetwa na mtu ambaye hakurudi kukichukua.

"Alikuwa na mengi ya kusema. Nikamwacha aseme mwaka mzima." Akajigusa koo. "Sijutii. Lakini mimi nililipa cha kwangu. Wewe anakulipia mtoto."

"Nakizimaje?"

"Ukikizima huyo wa pili akiwa analia, atabaki juu, na wako wa kwanza atabaki chini. Kizime akiwa kimya."

"Atanyamazaje?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mdomoni.

"Wewe si mama?"

Nyumbani kilio kilikuwa kimejaa sebule nzima. Dada yake alikuwa amejifungia chumbani na Kasuku, amemkumbatia, analia naye pia. Mama Nyuzi aliketi sakafuni akachomeka waya, kompresa mwisho kama ilivyokuwa, akalilaza gitaa mapajani.

Alianza na noti mbili, zilezile za kupanda na kushuka alizombembelezea Kasuku alipokuwa mchanga. Kilio hakikupungua. Akapiga polepole zaidi. Kisanduku kikazipandisha noti, akazipunguza, kikazipandisha. Kidole kilikufa ganzi. Akaacha kupiga, akainamisha mdomo kwenye nyuzi kama Kasuku anavyofanya, akaimba kwa kuguna tu, bila maneno.

Kisha akapata maneno.

"Sijawahi kukuimbia," alisema. "Nisamehe. Nilikuwa na mwenzako aliyekuwa analia."

Kilio kikakatika.

Kikawa kwikwi. Kwikwi zikawa pumzi, pumzi ya mtoto aliyeshiba, inayopanda na kushuka... inapanda... inashuka. Chumba kilinuka kitu alichokisahau miaka mitano. Kichwa cha mtoto mchanga.

Mguu wake ulikuwa juu ya swichi ya kompresa. Alijua ni sasa.

Hakukanyaga.

Pumzi moja zaidi, alijiambia. Ngoja nisikie moja. Akasikia moja. Akasikia nyingine. Alikuwa na haki ya ngapi? Nani amezihesabu?

"Dada," aliita dada yake kutoka chumbani, taratibu sana, kama mtu anayeogopa jibu. "Dada, huyu simsikii moyo."

Akakanyaga.

Tap.

Taa ikazimika. Sebule ikawa tupu, tupu kabisa, na kwa muda mfupi alidhani amewapoteza wote wawili. Halafu Kasuku akapiga yowe lililoamsha mbwa wa jirani, na dada yake akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Jumamosi aliifunga kompresa kwenye kilemba chake, akaiacha juu ya kabati. Alikwenda na ovadraivu peke yake. Alikuwa ameshajua atarudi hana kazi, na alikuwa ameshapanga atakayoyafanya Jumatatu, kwenda kwa mama mmoja mwenye kufulia mashuka ya hoteli.

Wimbo wa taratibu ukafika. Bendi ikamwachia nafasi. Alibonyeza uzi kwa kile kidole kilegevu, akajiandaa kuisikia noti ikifa.

Haikufa.

Ilikaa, imenyooka kama rula. Kiongozi wa bendi aligeuka, akatabasamu. Mpiga ngoma akainua kijiti kumsalimu. Mama Nyuzi alitazama miguuni. Pedali moja tu, ya kahawia. Akainua kidole chake kutoka kwenye uzi.

Noti ilikuwa bado ipo. Na chini yake, chini kabisa, mtu alikuwa anavuta pumzi, taratibu, kama mtoto aliyeshiba.

Kazi haikuondoka. Kiongozi alimwambia mpigaji yule mwingine asirudi.

Aliporudi nyumbani Kasuku alikuwa hajalala, anamsubiri mlangoni na habari zake zote za siku. Alizimwaga moja baada ya nyingine, paka, sahani iliyovunjika, nani kamsukuma nani. Katikati akasimama. Akaweka kidole mdomoni.

"Tuongee polepole, mama. Amelala."

"Nani?"

Mtoto akaonyesha gitaa lililokuwa mgongoni mwa mama yake.

Mama Nyuzi alilegeza mkanda. Akalishusha kwa mikono miwili, kidogo kidogo, kama anavyoshushwa mtoto aliyepitiwa na usingizi, akalilaza kitandani. Akamwambia Kasuku, kwa kunong'ona, aende akalale. Dada yake alikuwa jikoni, amempa mgongo, anasuuza vikombe. Akamwita amwekee chakula.

Dada yake hakugeuka.

Alimwita tena, kwa sauti aliyodhani ni ya kawaida. Kisha akamwita kwa nguvu zake zote, na sauti yake ikamfikia mwenyewe ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

Maji yaliendelea kutiririka, na dada yake aliendelea kusuuza vikombe.